Ngurumo ya Mashine Nne

Transfoma ya mtaa ililipuka Jumapili mchana, watu wakiwa wamejipumzikia, na kufikia Jumatano hakuna aliyeuliza tena umeme utarudi lini. Waliojipa moyo wakaenda ofisi ya umeme waliambiwa kwamba transfoma nyingine imeagizwa. Imeagizwa ni neno zuri kwa mtu anayelipwa mshahara. Kwa seremala mwenye kazi ya madawati ya shule nzima, na shule zinakaribia kufunguliwa, ni neno la kumkwama mtu kooni.

Seremala huyo mtaa wote ulimwita Ngurumo. Sauti yake haikuwa ya ngurumo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuongea chinichini na kukohoa kabla ya kutaja bei. Jina alilirithi kwa baba yake pamoja na karakana. Marehemu alikuwa na mashine nne: randa, msumeno wa meza, msumeno wa mkanda, na mashine ya kukerezea miguu ya meza. Swichi za mashine zenyewe hakuzigusa, zilikaa zimewashwa mwaka hadi mwaka. Asubuhi alishika mkono wa swichi kuu iliyokuwa karibu na mlango, akausukuma juu, na zote nne zikalia kwa mpigo mmoja mpaka vikombe vikatikisika kwenye nyumba za jirani. Hapo fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa akisema, "Ngurumo imepiga," ndipo naye anatandika vifaa vyake.

Mzee alipofariki, mtoto akaushika mkono uleule. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na wala hakuna aliyemwuliza kwa nini anafanya. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, naye aliendelea na desturi yake: kila asubuhi alifagia maranda ya jana, akayamwaga barabarani mbele ya mlango. Watu walidhani ni ya kuzuia tope, wakamshukuru hata kiangazi.

Sasa ilikuwa siku ya nne bila ngurumo. Fundi viatu alishauliza mara mbili, kwa utani ule wa kuchokonoa, kama kuna msiba.

Alhamisi Ngurumo aliazima jenereta la jirani yake mmoja mchomelea mageti. Bahati yake mbaya, mwalimu mkuu wa ile shule, mama mwembamba mwenye miwani, alifika siku hiyo hiyo kuangalia kazi imefikia wapi. Ngurumo akaona huo ndio wakati wa kumtoa wasiwasi. Alimwomba asimame karibu, akakohoa, akausukuma mkono juu.

Jenereta liliguna. Balbu ya karakana ilififia mpaka ukabaki uzi mwekundu, randa ikajizungusha kidogo kwa kinyongo, halafu kila kitu kikazimika. Alijaribu tena, na safari hii ukatoka moshi wenye harufu ya waya. Mchomeleaji alivuka barabara mbio, akalifunga jenereta lake kwenye mkokoteni na kuondoka nalo.

Mwalimu mkuu aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna karakana nyingine jirani ambayo angeweza kuipa nusu ya kazi. Upole huo ndio uliouma. Ngurumo alijisikia akijibu kwamba hakuna haja, kwamba wiki ijayo ananunua jenereta lake mwenyewe, tena la maana. Mkewe alikuwa kwenye kona anapiga msasa mgongo wa dawati. Mkono wake ulisimama. Mpango huo ndiyo kwanza anausikia.

Mke huyo mtaa ulimpa jina la Msasa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Kesho yake alivaa viatu vya kutokea, akamwambia mumewe kwamba kama ni kununua, watanunua wote wawili.

Duka la majenereta lilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba Ngurumo alijikuta anatembea kwa kunyata, akihofia vumbi la mbao lililomo kwenye mishono ya viatu vyake. Muuzaji aliyevaa tai aliwapokea kwa bashasha, lakini maswali yenyewe aliyaachia kwa dada mmoja fundi umeme aliyekaa nyuma ya meza, mikono ina alama za grisi. Dada aliuliza mashine ni ngapi na mota zake zina nguvu gani. Ngurumo alizitaja zote kwa kichwa, kama mtu anayetaja wanawe, na Msasa akaongeza habari ya jenereta la jirani.

"Na unaziwashaje?" dada aliuliza.

"Kwa swichi, kama watu wengine."

"Moja moja, au zote pamoja?"

"Zote. Ndivyo tunavyofanya kazi kwetu."

Dada aliweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, bila kujifanya anajua sana, kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au sita ya ule itakaotumia ikishashika kasi. Ni kama mkokoteni wa mzigo, alisema. Jasho linatoka pale unapoung'oa. Ndiyo maana jenereta la jirani liliwashinda. Kama wangeanza na randa, ambayo ndiyo kubwa, wakaisubiri itulie, kisha wakawasha msumeno, jenereta la KVA thelathini lingewatosha na kubaki. Lakini kama wanataka zote nne zianze kwa mpigo, wasishuke chini ya themanini.

Muuzaji alisogea haraka. Alisema karakana yenye heshima yake si ya kuwasha kwa kuviziavizia, na kwamba lile la themanini lipo, limeshuka juzi tu.

"Kubwa nalo lina shida zake," dada aliendelea, kana kwamba hakumsikia. "Likikaa siku nzima na mzigo mdogo, halipati moto wa kutosha. Linajaa masizi, linatema oili nyeusi kwenye ekzosi. Na dizeli linakunywa tu. Kwa hiyo niambie ukweli, kaka. Kwa kawaida zinafanya kazi ngapi kwa wakati mmoja?"

Msasa alimtazama mumewe. Ngurumo alitazama lile jenereta la themanini, lililopakwa rangi ya kijani, refu kuliko kitanda chake.

"Nne," akasema.

Msasa alikunja mdomo, akageukia dirisha. La thelathini, dada alisema akiwasindikiza, wangeweza hata kulikodi kwa wiki kwanza wakalijaribu. Ngurumo hakulisikia hilo, au alilisikia akaliacha lipite. Alikuwa anamsikiliza muuzaji akieleza habari ya kampuni ya mikopo, ambayo haihitaji mtu awe na fedha mkononi. Inahitaji hati ya nyumba tu.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu nyuma ya karakana, na hati yake ilikuwa na jina la Bibi. Hakuna mali nyingine katika ukoo ule ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole.

Jioni hiyo Msasa alingoja mpaka wamemaliza kula. Hakupandisha sauti, Ngurumo angefurahi kama angepandisha, maana hapo angepata sababu ya kutoka nje.

"Karakana ina mafundi wangapi?" alimwuliza.

"Unajua. Mimi na Penseli."

"Wewe uko kwenye randa, Penseli yuko kwenye msumeno. Hizo mbili nyingine zinaendeshwa na nani, majini?"

Ngurumo alijitetea kwamba kuna siku zinahitajika. Mkewe akamwomba amtajie siku moja tu mwaka huu ambayo mashine nne zilikata mbao kwa wakati mmoja. Alifikiri. Alisema kila asubuhi zinawaka zote, na mtaa mzima ni shahidi.

"Kuwaka si kufanya kazi," Msasa alisema. "Zinalia zenyewe mpaka jioni mnaposhusha swichi kuu."

Hapo Ngurumo alisema kile kilichokuwa kinamkereketa tangu dukani. Siku atakayowasha moja moja, watu watasema karakana ya Ngurumo imekufa. Watasema mzee aliacha mashine nne, mtoto ameshindwa hata kuziwasha. Alilisema hilo akiangalia mezani, na mkewe alimwonea huruma, kwa sababu aliona kwamba mumewe hana kiburi, ana hofu. Lakini huruma haikumzuia.

"Na siku tutakayotoa vyombo nje, baba, hao watu watasema nini?"

Upande wa pili wa pazia kitanda cha Bibi kililia kidogo, kama mtu aliyejigeuza, halafu kikanyamaza.

Bwana mikopo alifika Jumamosi saa sita na mkoba mwembamba. Alisalimia vizuri, kisha akaanza kuitazama nyumba namna ambayo haitazamwi nyumba ya watu. Aligonga fremu za milango kwa kiungo cha kidole. Alifuata ufa wa ukuta kwa macho kutoka chini mpaka darini. Aliomba kuona choo, akakiona, akasema "sawa" kwa sauti ya mtu ambaye si sawa sana. Msasa alimfuata nyuma akifunga milango aliyoifungua. Ngurumo alibaki kusimama katikati ya jikoni, mikono haijui iende wapi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya rafu yake ya vyombo, na khanga yake nzuri begani. Alikwisha kusema tangu jana kwamba ataweka dole gumba. Mtoto ni wake, nyumba ni ya nani kama si ya mtoto. Bwana mikopo aliweka kidau cha wino juu ya meza na kuonyesha mahali pa kubonyeza. Bibi alikinyoosha kidole, kisha akakikunja.

"Bwana mgeni, samahani," alisema. "Ningekuomba utusubiri hapo karakana kidogo. Kuna kiti."

Mgeni alitoka. Bibi alimgeukia mwanawe.

"Hilo jenereta kubwa umelichagua kwa ajili ya madawati, au kwa ajili ya baba yako?"

"Kwa ajili ya mashine, mama. Mashine nne zikianza pamoja zinahitaji..."

"Nani alisema lazima zianze pamoja?"

"Baba alikuwa anaziwasha hivyo. Unajua."

"Najua," Bibi alisema. "Mimi ndiye ninayejua."

Alisimama, akaondoa sahani kutoka rafu ya katikati, akaivuta mbao yake ikatoka. Rafu ile ilikuwa na mbao tatu, nyembamba kama rula ya mtoto wa shule, laini hata mkono hauoni mahali pa kushika. Ngurumo alikua akizitazama. Wateja wakubwa aliwaleta mpaka jikoni makusudi wazione, akawaambia kwamba fundi wa kuipiga randa mbao hadi hapo bila kuipasua hayupo tena.

"Hii ilikuwa nene hivi," mama yake alisema, akatenganisha vidole viwili. "Zilipoisha zile kazi za ofisi alizonunulia mashine, hakuja mteja tena. Mwezi, miezi, mwaka ukakatika. Wewe ulikuwa hujaota meno. Baba yako anaamka, anaziwasha zote nne. Halafu anachukua mbao moja anaipitisha kwenye randa. Anaipitisha tena. Mchana kutwa, mbao ileile. Ikifika hapa anaogopa itavunjika, anachukua nyingine."

"Anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi yoyote, mwanangu. Analia njaa kwa mashine." Alipitisha kiganja juu ya mbao. "Wenye mbao walikuwa wakipita barabarani. Wakisikia kelele wanasema huyu ana kazi, wanatuachia mbao za mkopo. Tungenyamaza siku moja wangekuja kuchukua mashine. Na mimi nikawa nafagia maranda nayamwaga nje, ili wasiosikia waone."

Msasa alikuwa mlangoni, na Ngurumo hakujua amefika pale saa ngapi. Alimwambia mama yake kwamba huko ni kumvua nguo marehemu, tena mbele ya mkwewe, mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

"Simvui nguo," Bibi alisema. "Mimi ndiye niliyemvika. Miaka yote hii. Kazi iliporudi nilidhani ataacha, hakuacha, na mimi sikumwuliza. Alipokufa ukaushika mkono uleule, nikasema basi, haidhuru, ni kelele tu. Lakini siri yake nimeitunza kwa mdomo wangu. Kuilipia kwa nyumba siwezi."

Aliirudisha mbao mahali pake, akapanga sahani moja moja.

Ngurumo alitoka. Bwana mikopo alikuwa amekaa kwenye dawati ambalo halijapakwa rangi, mkoba magotini, akauliza kama waendelee. Ngurumo alizitazama mashine. Kwa mara ya kwanza aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake siku zote: randa na msumeno wa meza vilikuwa vinang'aa kwa kushikwashikwa, na ile ya kukereza, ambayo asubuhi zote iliimba na wenzake, ilikuwa imeota utando wa buibui kwenye mpini wake. Alikohoa.

"Hatuendelei," akasema. "Utusamehe kwa usumbufu."

"Nimetoka mbali," bwana mikopo alisema, akakaa vilevile. "Nauli yangu?"

Msasa ndiye aliyemtolea nauli, kutoka kwenye pindo la khanga, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alitoa fedha bila kuongeza maneno.

Jumatatu asubuhi yule dada fundi umeme alileta jenereta la thelathini la kukodi kwa wiki. Aliliunganisha kwenye swichi kuu, akajaza dizeli, akaliwasha, kisha akasema kabla ya kitu chochote wakazime mashine zote, kila moja kwa swichi yake. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Swichi ya kukereza iligoma kabisa. Ilikuwa imegandamana kwa vumbi na vanishi ya miaka, na Penseli alilazimika kuichokoa kwa ncha ya patasi.

Ngurumo alisukuma mkono juu. Mashine hazikulia. Kama hili jenereta nalo lingegoma, asingekuwa na neno la kumwambia mwalimu mkuu, na madawati yangeondoka kwenda kwa mwingine. Akaenda kwenye randa, akabonyeza. Jenereta nje liliinamisha sauti, likashuka, likashuka, balbu ikapepesa. Msasa alishika ukingo wa dawati. Halafu sauti ikajiinua taratibu mpaka ikatulia, na randa ikashika kasi.

"Subiri," dada alisema.

Walisubiri. Penseli akawasha msumeno. Jenereta liliguna kidogo tu, likaendelea.

Mashine mbili. Karakana ilikuwa na kelele za kutosha kufanya watu wapige makelele wakitaka kusikilizana, lakini kwa sikio la Ngurumo ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Vikombe vya jirani havikutikisika. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa amesimama na kiatu mkononi, shingo ndefu. Akavuka mpaka mlangoni.

"Ngurumo," aliita, "leo mbona nusu? Kazi imepungua?"

Ngurumo alikuwa na majibu tayari. Jenereta lina hitilafu. Tunazifanyia mashine sevisi. Fundi amesema tuzipumzishe. Yote yalikuwa mdomoni, na lolote kati ya hayo lingemtosha fundi viatu. Msasa aliacha kupiga msasa.

"Haijapungua," Ngurumo alisema, na ilimbidi aipandishe ile sauti yake ndogo ili imfikie. "Kazi yangu ni ya mashine mbili. Siku zote ilikuwa ya mashine mbili."

Fundi viatu alingoja aone kama kuna utani unafuata. Hakuuona. "Basi afadhali," alisema hatimaye. "Leo nitasikia redio yangu." Akarudi kwenye viatu vyake.

Ngurumo alichukua mbao ya kwanza ya madawati, akaipitisha kwenye randa mara mbili, akaipima, akaiweka pembeni. Ilikuwa nene kama ilivyotakiwa. Akachukua nyingine.

Nyuma yake Bibi alikuwa ameingia na ufagio, kama kila siku. Alifagia kutoka chini ya meza, akazunguka randa, akasukuma rundo la maranda mpaka kwenye kizingiti. Hapo alisimama. Barabara ilikuwa mbele yake, watu wanapita, na mkono wake ulikwisha kuuinua ufagio. Aliushusha. Akamwomba mkwewe amtafutie gunia.